Intafesi ya sauti ya matundu mawili: wiki tatu za kuhangaika na laptopu kabla sijairekodia kwa amani

Nimekaa na hii intafesi wiki tatu kabla ya kuandika chochote, manake ningeandika siku ya pili ningeipa nyota moja na ningekua nimeionea. Intafesi ni kile kiboksi kinachoingiza sauti ya maiki au gitaa kwenye kompyuta, na hii ni ile aina ya kawaida kabisa, matundu mawili ya maiki au gitaa kwa mbele, kitufe cha 48V (umeme wa kulishia maiki za kondensa), tundu la hedifoni, nobu moja kubwa ya sauti ya spika, na nyuma USB-C moja tu, umeme inakula hapohapo kwenye laptopu haina adapta yake. Jina la kampuni naliacha makusudi, kwa sababu nusu ya yaliyonikuta yangenikuta na intafesi yoyote, na ndio maana naandika kirefu, ili mtu akinunua ya kwake ikagoma kuonekana asikimbilie kuirudisha dukani kabla hajaangalia vitu fulani.

Siku ya kwanza nafungua boksi, nachomeka, taa ya kijani inawaka, nobu zinazunguka kwa uzito ule unaojua kabisa hiki kitu hakikutengenezwa kihuni. Laptopu kimya. Hata ule mlio wa kuashiria umechomeka kitu sikuusikia. Nafungua programu ya kurekodia, kwenye orodha ya vifaa ipo maiki ya laptopu peke yake. Nachomoa, nachomeka, narestati, nahamia tundu lingine, kimya vilevile. Mdogo wangu ndio alikua anasubiri kuimba, kakaa na hedifoni masikioni ananiangalia tu, akaniuliza "kaka, imekufa?" nikamjibu itakufaje na taa inawaka. Basi hiyo taa ndiyo iliyonipotezea saa tatu.

Kumbe waya. Kwenye boksi wanaweka waya mfupi sana, haukufika kutoka mezani hadi laptopu ilipokua, nikauweka pembeni nikachukua wa kuchajia simu kwa sababu kichwa ni kilekile. Sasa kuna waya za kuchajia ambazo ndani zina nyuzi za umeme tu, zile za kupitisha data hazipo kabisa, kwahiyo intafesi inashiba umeme na taa inawaka ila haina njia ya kujitambulisha kwa laptopu. Taa inakuambia umeme umefika, basi, haikuambii kingine chochote. Ukitaka kuujua waya wako upesi, chomeka simu kwenye laptopu kwa waya huohuo uchague kuhamisha mafaili, kama inachaji tu na mafaili hayatokei hata ufanye nini, huo waya hauna data, utupe kwenye droo ya chaja. Niliporudisha ule mfupi wa kwenye boksi laptopu ikalia palepale. Hapa nawalaumu watengenezaji kwa moyo wangu wote, weka waya wa mita moja na nusu jamani, na andika sentensi moja tu kwenye ile karatasi ya maelekezo kwamba usitumie waya wa chaja. Ile karatasi ina picha ya kifaa na alama ya kuskani, haina kitu kingine.

Na kuna jambo la waya lililochukua muda kuniingia. Waya unaweza kua na data na bado ukawa mbovu kwa kazi ya sauti. Ukikopi faili kwenda kwenye flashi, kipande kikipotea njiani kompyuta inakiomba tena, wewe huoni kitu, labda inachelewa kidogo tu. Sauti ya USB haiendi hivyo, inatumwa kwa mtindo wa mfululizo usiosubiri, kipande kikipotea kimepotea, hakuna kurudia, unasikia "tk" kwenye hedifoni. Ndio maana mtu anaapa waya wake mzima kwa sababu flashi inakopi vizuri halafu rekodi imejaa mikwaruzo. Na wala sio suala la kasi, sauti ya biti 24 kwa 48 kHz (yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde) ya matundu mawili ni kama megabiti 2.3 kwa sekunde, wakati USB 2.0 ya zamani kabisa inabeba hadi 480. Kwahiyo akija mtu kukuambia ununue waya wa bei mbaya wa kasi kubwa ili sauti iwe tamu muache apite, wewe tafuta waya wa data ambao ni mfupi wa kutosha na kichwa chake hakichezi tunduni. Mimi nausogeza kidogo kwa kidole hapo unapoingia huku muziki unapiga, ukikatika nauacha.

Siku ya pili, draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Laptopu yangu ni Windows, na tangu toleo 1703 la Windows 10 la mwaka 2017 Windows inakuja na draiva yake ya jumla ya intafesi za USB Audio Class 2 (utaratibu wa pamoja wa vifaa vya sauti vya USB), kwahiyo unachomeka na sauti inatoka bila kuinstoli kitu. Ukifika hapo unaona kazi imeisha. Kwa kusikiliza muziki imeisha kweli, ila kwa kurekodi ndio kwanza inaanza, manake draiva ya jumla haikupi ASIO, ile njia ya Steinberg ya tangu miaka ya 1990 inayoiachia programu ya kurekodia izungumze na kifaa moja kwa moja bila kupita kwenye mikono mingi ya Windows. Bila ASIO mdogo wangu alikua anaimba neno halafu analisikia masikioni kama mwangwi wa pangoni, anachelewa, anajirekebisha, anachelewa tena, mpaka akavua hedifoni akasema hawezi.

Nikaenda kwenye tovuti ya watengenezaji kudaunlodi draiva yao, na hapa nikafanya kosa nililokuja kuliona kwa watu wengi sana, niliiinstoli huku intafesi imechomekwa. Ikafika mwisho ikasema tayari, kwenye programu ya kurekodia jina la intafesi likatokea, nikilichagua inaandika haiwezi kufungua kifaa. Utaratibu ulionisaidia ni huu, chomoa intafesi kwanza, ondoa draiva yoyote ya intafesi ya zamani uliyowahi kua nayo (mimi nilikua na mabaki ya ile niliyoiuza), restati, instoli mpya, restati tena, ndio uchomeke, tena moja kwa moja kwenye laptopu. Ikaonekana, matundu yote mawili, na paneli yao ya kuseti bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukishughulikia) ikafunguka. Ile ASIO4ALL ambayo kila mtu atakuambia uiweke, nzuri kwa mtu ambaye kifaa chake hakina ASIO yake mwenyewe, inakaa juu ya draiva ya Windows na kuifanya ionekane kama ASIO. Kama watengenezaji wamekupa ya kwao tumia ya kwao, kuziweka zote ni kujitafutia maswali mapya.

Halafu hata draiva ikiwa sawa bado kuna ugomvi wa nani kakishika kifaa. Nilikua nimeacha brauza wazi na mdundo wa wimbo unacheza, nafungua programu ya kurekodia inagoma. Draiva ya hii intafesi inakubali kipimo kimoja tu cha sampuli (zile kHz) kwa wakati mmoja, brauza ilikua imekishikilia kwenye 48 kHz na projekti yangu ni 44.1. Nikafunga brauza, nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows nikaweka 48 kwenye kusikiliza na kurekodi, kwenye paneli ya intafesi nayo 48, projekti 48. Sehemu zote kipimo kimoja, chagua chochote ila kiwe kimoja. Ukipuuza hili kuna siku rekodi itakuja imepanda sauti, kitu kilichorekodiwa kwa 44.1 kikichezwa kama 48 kinapanda karibu robo tatu ya toni na wimbo wa dakika 4 unaisha kwa dakika 3 na sekunde 40 hivi, unabaki kujiuliza nani kamharakisha mwimbaji.

Sasa nije kwenye lililoniumiza zaidi. Wiki ya kwanza inaisha, tunarekodi vizuri, teki ya tatu ya kiitikio (yaani mara ya tatu kukirekodi), ile teki ambayo unajua ndio yenyewe, mdogo wangu kafumba macho, sauti imetulia, na katikati ya mstari wa mwisho taa ya kijani ikazima ikawaka. Sekunde moja tu. Programu ikasimama, ikaandika kifaa hakipo, teki ikakatika pale pale. Akafumbua macho akaniuliza "umeipata?" na mimi nikashindwa kumjibu.

Nikakaa usiku ule na intafesi na daftari. Ilichokua inafanya ni vitu viwili tofauti na mimi nilikua navichanganya kama kimoja. Kuna wakati ilikua inapotea tukitoka kupumzika, yaani tumekaa kimya dakika kadhaa tukirudi haipo mpaka nichomoe nichomeke, na kuna wakati inapotea katikati ya kazi. Ya kwanza ni Windows kubana matumizi ya umeme, inaona tundu la USB halina shughuli inalilaza, na kifaa kingine kikilazwa hakiamki vizuri. Ukiingia kwenye mpango wa umeme, mipangilio ya ndani kabisa, sehemu ya USB, unazima ile ya kulaza matundu, halafu kwenye Device Manager unafungua kila USB Root Hub unaondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Baada ya hapo haikupotea tena wakati wa mapumziko, hata mara moja.

Ya pili ilikua umeme wenyewe kutotosha. Laptopu yangu ina matundu machache nikaweka habu, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB, ile ndogo isiyo na adapta, na kwenye habu kulikua na intafesi, diski ya nje ninayohifadhia projekti, na mausi. Tundu la USB 2.0 linatoa milliampea 500 kwa volti 5, la USB 3.0 milliampea 900, na habu isiyo na umeme wake inagawa hichohicho kidogo kwa wote. Nikibonyeza 48V kwa ajili ya maiki ya kondensa intafesi inaomba zaidi, diski nayo ikianza kuandika rekodi inaomba zaidi, na inatokea kwa wakati uleule, pale unaporekodi kitu cha maana! Nilijaribu makusudi, maiki ya dainamiki bila 48V kwenye habu ileile ilikaa saa nzima haikukatika. Nikabonyeza 48V, diski ikifanya kazi, ikakatika kabla ya dakika kumi. Nikaitoa kwenye habu nikaichomeka kwenye laptopu yenyewe, mausi na diski zikabaki kwenye habu, na mpaka naandika hivi haijakatika tena. Kama laptopu yako ina tundu moja tu tafuta habu yenye adapta yake ya ukutani.

Mikwaruzo sasa, ile ya pop pop bila kukatika. Hii watu wote wanakimbilia bafa na kweli mara nyingi ni bafa, lakini ielewe kwanza. Bafa ya sampuli 256 kwa 48 kHz ni milisekunde 5.3 kuingia na nyingine kama hiyo kutoka, ukijumlisha na kazi ya kifaa chenyewe unafika kama 12 hivi. Sauti hewani inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwahiyo ni kama mwimbaji kasimama mita nne toka kwenye spika, wengi wanavumilia. Kwenye 64 unajisikia palepale ila kompyuta inapewa muda mdogo sana wa kuandaa sauti, ikipitwa unasikia pop. Mimi narekodi na 128, nikifika kwenye kumiksi napandisha 512 au 1024 kwa sababu pale hakuna anayejisikia anaimba. Na hii intafesi ina kitufe cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijafika kwenye kompyuta, ukikiwasha bafa haimhusu tena, ila kumbuka kunyamazisha treki hiyo kwenye programu la sivyo anajisikia mara mbili.

Kwangu lakini hata kwenye 512 pop zilikuwepo, moja kila baada ya muda, hazina mpangilio. Nikaweka LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha ni draiva gani ndani ya Windows inawachelewesha wenzake, nikaiacha dakika kumi, na iliyokaa juu kwa rangi nyekundu ilikua ya Wi-Fi. Nikizima Wi-Fi, pop zinakwisha. Nikiwasha zinarudi. Nikaapdeti draiva ya Wi-Fi toka kwa watengenezaji wa laptopu, zikapungua sana, ila bado nikirekodi nazima, imekua mazoea kama kufunga mlango. Kwahiyo intafesi ilisingiziwa hapo wiki nzima kwa kosa la kifaa ambacho hata hakijulikani kama kina uhusiano na sauti.

Kuna mvumo pia, ule wa chini wa "mmmm" unaotoka kwenye spika hata kama hakuna kilichochomekwa. Chomoa chaja ya laptopu usikilize. Ukiisha ni umeme unaozunguka kati ya chaja, laptopu, intafesi na spika, kila moja na njia yake ya kwenda ardhini. Mimi nilibadilisha waya za spika nikaweka za balansi, zile za pini kubwa zenye pete mbili nyeusi, na vyote nikavichomeka kwenye ekstensheni moja, ukaisha. Kabla ya hapo nilikua narekodi kwa betri tu. Usidiriki kukata pini ya ardhi kwenye plagi kama wengine wanavyoshauri, ile pini ipo kukulinda usipigwe na umeme.

Kwa upande wa Mac niliijaribu kwa rafiki yangu, hapo kweli inachomekwa na kuonekana bila draiva, unaifungua kwenye Audio MIDI Setup unachagua kipimo cha sampuli basi. Ila hata huko alikua anarekodi kimya, mstari wa treki umenyooka kabisa, na taa za intafesi zinacheza zikionyesha sauti inaingia. Kama taa za kifaa zinacheza na programu haioni kitu, tatizo liko ndani ya kompyuta, sio kwenye maiki wala waya wa maiki. Tangu Mojave ya 2018 Mac inaiuliza kila programu ruhusa ya kutumia maiki, na alikua amebonyeza hapana bila kusoma. Tukaingia kwenye mipangilio ya faragha, maiki, tukaiwekea ruhusa ile programu, tukaifunga na kuifungua, sauti ikaingia. Windows 10 na 11 nazo zina swichi kama hiyo kwenye faragha, inagusa zaidi programu zisizotumia ASIO.

Huduma ya wateja nawapa alama ya kati. Niliwaandikia baada ya ile teki kupotea, jibu la kwanza lilichukua siku nne na lilikua ni yale ya kunakiliwa, ondoa draiva weka upya, wakati nilishawaandikia kwamba nimeshafanya. Jibu la pili liliandikwa na mtu aliyenisoma, aliniuliza swali moja tu, je unatumia habu, na ndipo nilipoanza kuangalia upande huo. Huyo namshukuru kwa dhati. Swali hilo lingekua kwenye karatasi ya boksini ningekua na ile teki leo.

Na baada ya yote, sauti yenyewe? Nzuri sana. Prea zake (sehemu zinazokuza sauti ya maiki) ni safi, maiki ya dainamiki naipandisha karibu mwisho na shuu inayosikika ni ndogo, haisumbui kwenye wimbo. Narekodi biti 24 na kilele nakiacha kwenye desibeli -12 hivi, hakuna haja ya kusukuma hadi nyekundu, na sauti ya mdogo wangu inakuja na ile hewa yake ya mwishoni mwa maneno ambayo maiki ya laptopu ilikua inaimeza yote. Tundu la gitaa liko sawa ukikumbuka kubonyeza kitufe cha ala, bila hicho gitaa linakuja limefifia kama liko chumba cha pili. Hedifoni ndio dhaifu kidogo, zenye ohmu 250 hazishibi, za ohmu 32 zinapiga vizuri.

Naipa nyota nne. Moja nimeitoa kwa ajili ya waya mfupi na karatasi tupu. Kiitikio tulikirudia siku tano baadaye, intafesi kwenye tundu la laptopu, Wi-Fi imezimwa, bafa 128, na teki ya pili ndiyo tuliyoiacha kwenye wimbo. Alipomaliza aliniuliza tena "umeipata?" nikamgeuzia skrini aone mwenyewe.